Simu ya Marehemu: Sehemu ya Saba

Jina lililotokea kwenye kioo lilikuwa "Mama".

Pindo hakuwa na mama. Mama yake alikuwa kaburini mwaka wa sita sasa, na namba yake haikuwahi kuingia kwenye simu hii. Simu yenyewe alikuwa nayo miezi miwili tu. Lakini hiyo hapo, juu ya meza ya kukatia, katikati ya chaki na vipande vya bitana, inatetemeka, inalia, na jina halibadiliki.

Mama. Mama. Mama.

Mteja aliyekuwa anapimwa kiuno akamgeukia. "Si upokee, dada? Mama huyo, si mdai wako."

Pindo ni fundi cherehani. Mtaa mzima unamwita Pindo kwa sababu hakuna anayekunja pindo la gauni likalala kama analolilaza yeye. Asubuhi ile aliiacha futi ikining'inia kiunoni kwa mteja kama mkia, akapokea.

"Haloo?"

Pumzi, nzito, ya mtu aliyepanda ngazi nyingi.

"Usikate," ilisema sauti ya mwanamke mzee. "Nakuomba, usikate."

"Nani mwenzangu?"

"Hilo ndilo swali langu. Wewe ni nani?"

"Mimi fundi cherehani. Mama, nadhani umekosea namba."

"Sijakosea. Sikubonyeza namba, mimi macho yangu hayaoni namba. Nimebonyeza picha ya mwanangu."

"Basi jaribu tena, mama. Huenda mwanao..."

"Mwanangu nilimzika miezi minne iliyopita."

Mteja aliona uso wa Pindo ukibadilika. Akajivua futi mwenyewe, akaikunja taratibu, akaiweka mezani.

"Na hiyo simu unayoongelea," bibi akaendelea, "niliiweka mimi ndani ya jeneza. Kwa mikono yangu hii. Chini ya shuka, juu ya kifua chake. Sasa niambie, mwanangu. Uko wapi hapo ulipo?"

Pindo alitaka kukata. Kidole kilikataa.

"Mama... ulimzika na simu?"

"Nilimzika nayo kwa hasira. Maiti haijaoshwa, kaka zake na mumewe wameshaanza kuvutana. Huyu anasema mimi ndiye niliyemchangia alipoinunua. Yule anasema mke alikuwa wangu. Mwingine anasema hizi simu bei imepanda, siku hizi ni sawa na kiwanja, haiwezi kuachwa kwa mtu mmoja. Ndugu yao amelala pale, wao wanatajiana bei! Nikaichukua. Nikawaambia, itaondoka na mwenyewe, tuone nani atamfuata."

Sauti ikashuka.

"Sikulala vizuri, lakini nilitulia. Halafu, miezi miwili iliyopita, mjukuu wangu akashika simu yangu akasema, bibi, mbona mama amewasha? Nikaangalia. Pembeni ya picha yake pana kitaa cha kijani. Kile kinachoonyesha mtu yupo."

Pindo akaiondoa simu sikioni, akaitazama kama mtu aliyeona nyoka kwenye kikapu cha nguo. Programu ya kupigiana kwa mtandao ilikuwa ukurasa wa mwisho kabisa, nyuma ya vikorokoro asivyovijua. Hakuwahi kuifungua. Lakini kila alipowasha mtandao kutuma picha za magauni, yenyewe ilikuwa inawaka kwa jina la marehemu.

Miezi miwili amekuwa akiwaambia watu simu hii ina mashetani: mara ikumbushe dawa asizozijua, mara ilie kengele saa ambayo hakuitega. Kumbe kwa yule bibi, shetani ni yeye.

"Kila siku naona kitaa," bibi alisema. "Asubuhi kinawaka. Mchana kinazima. Kinawaka tena. Nami najiuliza jambo moja tu, mwanangu, na leo nimepata ujasiri wa kuuliza. Nijibu kweli hata kama ni uchungu."

"Uliza, mama."

"Je, mwanangu alikuwa amekufa kweli? Au nilimfukia mzima, akaamka kule chini, akawa ananitafuta kwa simu?"

Msomaji, wewe ungejibu nini?

Pindo alikata.

* * *

Simu alipewa na mumewe, kama zawadi. "Nimeipata dukani kwa Ofa," alisema Randa siku ile. "Imetumika kidogo, lakini ni ile ile uliyoitaka." Pindo alimrukia shingoni. Simu mpya ya aina ile walikuwa wameshaikatia tamaa. Kila alipoikaribia bei, bei nayo ilisogea mbele.

Kwa hiyo alipoagana na mteja wake, alikwenda moja kwa moja kwa Ofa.

Duka lilikuwa limejaa, lakini hakuna aliyekuwa ananunua. Ofa, mwanamume wa makamo mwenye miwani inayoning'inia shingoni, alikuwa juu ya kigoda anabandika karatasi ya bei mpya juu ya ile ya zamani. Ilikuwa ya tatu mwaka huu. Karatasi zilikuwa zimekuwa nene kama mto wa kulalia.

Mwalimu mmoja aliyevaa tai alikodoa macho. "Ofa, hiyo ni bei au namba ya simu?"

"Ni bei, mwalimu."

"Basi ikishuka nipigie. Kama hii yangu itakuwa bado inapumua." Akainua simu yake iliyofungwa mpira kiunoni kama mgonjwa wa ngiri. Watu wakacheka, kicheko cha watu walioumia pamoja.

Pembeni, mchumba wa mtu alikuwa amenuna. "Uliniahidi."

"Nilikuahidi kabla ya hiyo karatasi," mwanamume akamjibu. "Mwenye kuvunja ahadi ni karatasi, si mimi."

Muuguzi aliyetoka zamu, viatu vyeupe bado mguuni, hakuomba simu. "Nionyeshe kava lake tu. Nitalivalisha hii yangu. Nani atajua?"

Ndipo mwanamke mmoja mwenye mkoba mpana akasema kwa sauti ndogo, "Nipe mbili." Duka zima likamgeukia kana kwamba ametukana.

Pindo akapenya mpaka mbele.

"Ofa, samahani. Mume wangu aliponunua hii simu kwako, wewe uliipata kwa nani?"

Ofa akateremka kwenye kigoda. Akavaa miwani. Akaitazama simu, kisha akamtazama Pindo.

"Mumeo? Randa seremala?"

"Ndiye."

"Shemeji, mumeo hajawahi kununua simu hapa."

"Alikuja. Miezi miwili iliyopita."

"Alikuja, ndiyo. Alisimama pale dirishani, akaniuliza bei ya hiyo hiyo. Nikamwambia. Akacheka peke yake. Kisha akanunua chaja, akaenda zake."

"Chaja?"

"Chaja tu. Na mimi nilishangaa, maana yeye simu yake ni ya vitufe. Nikasema moyoni, huyu chaja hii anakwenda kumchajia nani?"

Pindo akaitazama simu mkononi mwake.

Ofa, ambaye biashara yake hailali hata msibani, akainama karibu. "Lakini sikiliza. Kama umeichoka, mimi naichukua. Hata iliyotumika imepanda. Hiyo uliyoshika leo ni ghali kuliko ilivyokuwa mpya mwaka jana. Fundi wangu hapo nyuma anaipangusa mara moja, inakuwa kama haijawahi kuwa na mtu."

Kama haijawahi kuwa na mtu.

Nisiwafiche, Pindo alishawishika. Aliona mambo yote yakiisha kwa kubonyeza mara moja. Kitaa kingezima, bibi angekata tamaa polepole, na yeye angerudi kwenye cherehani yake. Aliinyoosha simu juu ya kaunta. Ofa akaishika upande mmoja, Pindo akaishika upande mwingine.

"Ngoja, dada," mwalimu akaingilia kati. "Kama ni mali halali, niuzie mimi. Tutagawana hiyo faida yake."

Neno "halali" lilimpiga Pindo kama kibao. Akaivuta simu, akageuka, akawaacha wanamwita.

* * *

Karakana ya Randa ina mlango mpana unaotazama barabara. Ndani mlikuwa na kitanda kisicho na miguu, makabati mawili yaliyokosa wenyewe, na katikati, juu ya vigoda viwili, kifuniko kirefu cha mbao nyeupe. Sihitaji kuwaambia ni kifuniko cha nini. Makabati watu huyaahirisha. Majeneza hayaahirishwi.

Randa alikuwa anakipiga msasa. Alitabasamu alipomwona mkewe. Tabasamu halikufika mbali.

"Mbona saa hizi? Umefunga duka?"

"Risiti ya simu iko wapi?"

"Risiti? Karatasi gani inakaa miezi miwili kwenye vumbi hili?"

"Ofa anasema ulinunua chaja."

Mkono wa Randa ukasimama juu ya mbao.

"Umeongea na Ofa?"

"Na Ofa. Na mwingine."

"Nani?"

"Mama yake."

Randa hakuuliza mama ya nani. Hapo ndipo Pindo alipojua. Kama angeuliza, angalau angebakiwa na tumaini la nusu saa. Aliketi juu ya kigogo, vumbi la mbao likamshika kwenye sketi.

"Ulifukua kaburi, Randa?"

"Sikufukua! Mke wangu, naapa, sikufukua." Alikuja akachuchumaa mbele yake. "Ilikuwa bado juu. Ilikuwa chumba cha maiti pale hospitali. Watu wameshaaga, wametoka nje kulia, nimebaki mimi na bisibisi. Nimeshakaza skrubu nne. Zimebaki mbili. Mara mbao ikang'aa."

"Ikang'aa vipi?"

"Mwanga. Kwenye ufa wa kifuniko. Mwanga unatoka ndani." Akakitazama kifuniko cheupe. "Nilidhani nakufa na mimi. Nikafungua ili nione. Simu, imepata ujumbe, imewaka chini ya shuka. Nikaiangalia. Ni ile ile, Pindo. Ile uliyokuwa unasimama dirishani kwa Ofa unaitazama kama mtoto anayetazama keki. Ile siku bei ilipopanda mara ya pili, ulirudi ukasema wateja wamehamia kwa fundi wa ng'ambo kwa sababu picha zake zinang'aa, zako zinaonekana kama zimepigwa ndani ya gunia. Ukaacha chakula mezani. Nikasema, mali kama hii inakwenda kuoza, na mke wangu analia kwa ajili yake. Nikaificha miezi miwili kwanza, watu wasahau."

"Nilisema nataka simu. Sikusema umnyang'anye maiti."

"Najua."

"Hujui! Yule mama miezi miwili anadhani alimfukia mtoto wake mzima!"

Randa akanyanyua uso. Hilo hakulijua. Lakini woga una mbio kuliko huruma, na woga ndio uliofika kwanza.

"Amekujua wewe ni nani? Umemtajia jina?"

"Nimemwambia fundi cherehani."

"Lete simu."

"Ya nini?"

"Ilete! Mtu gani atamleta marehemu wake kwa seremala anayepekua majeneza? Tutakula nini? Polisi watakaa upande gani?" Akampokonya. Akaiweka juu ya kile kifuniko cheupe, akanyakua nyundo, akaiinua juu ya bega.

Simu ikalia.

Mama.

Nyundo ikabaki hewani. Pindo akapitisha mkono chini yake, akabonyeza kupokea, akabonyeza spika.

"Mwanangu," bibi alisema, na sauti yake ikajaa karakana nzima. "Hukunijibu. Sina nia mbaya na wewe. Simu kaa nayo, siitaki, iliniharibia wanangu. Mimi nataka kujua tu. Sipiti tena karibu na makaburi. Nikipita naona kama ananigongea kutoka chini. Niambie, mwanangu alikuwa amekufa kweli?"

Nyundo ilishuka taratibu mpaka ikalala sakafuni. Randa alikuwa amekishika kifuniko kwa mikono miwili kama mtu anayezuia kuanguka.

Pindo alifungua mdomo. Mumewe akatikisa kichwa, akamwashiria anyamaze. Kisha akasema mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Ni mimi, seremala. Niliyetengeneza jeneza la binti yako."

Randa akaisogelea simu.

"Simu niliitoa mimi, mama. Kabla sijamaliza kufunga. Haikwenda chini hata dakika moja. Aliyekuwa anaiwasha ni mke wangu, na yeye hakujua imetoka wapi. Nilimdanganya."

"Uliitoa wewe."

"Mimi."

"Basi ulimwona."

"Nilimwona. Niligusa mkono wake, nikiinua shuka." Akakitazama kiganja chake. "Ulikuwa wa baridi, mama, na mgumu. Mimi nimefunga watu wengi, naujua mkono wa mtu aliyekwenda. Alikuwa amekwenda. Hakuamka. Tangu siku ile mimi ndiye ninayeamka. Sifungi tena jeneza peke yangu, lazima mtu asimame karibu."

Walisubiri matusi. Walisubiri laana, na laana ya mama aliyefiwa si ya kuchezea.

Walichosikia ni kilio. Si cha uchungu. Kilikuwa kile kilio cha mtu aliyetua mzigo mzito, akagundua mabega bado ni yake.

"Hakuamka," bibi alirudia. "Hakuamka. Hakunigongea. Ahsante. Ahsante, mwizi wewe. Mungu atakuadhibu kwa nafasi yake, lakini leo umenirudishia usingizi."

Randa akaketi sakafuni. Alilia kama hakuna anayemwona. Pindo alimwekea mkono kichwani, hakujua kama anambembeleza au anamzuia asiinuke. Alidhani yamekwisha. Hata mimi, kama ningekuwa pale, ningedhani yamekwisha.

"Mke yupo?" bibi aliuliza.

"Nipo, mama. Tunakuletea simu yako leo hii."

"Nimesema simu siitaki. Lakini kuna kitu humo ndani." Alisita. "Muuguzi aliyekuwa anamhudumia alikuja kunipa pole baada ya mazishi. Akaniambia, mama, ile simu itunze sana. Wiki yake ya mwisho wodini, mwanangu aliondoa namba ya siri ili wauguzi waweze kunipigia hali ikibadilika. Na alipopata nguvu kidogo alikuwa anajirekodi. Anamwekea mtoto wake maneno. Alisema asikilizishwe siku atakayoanza shule, asije akaingia darasani hajaambiwa neno na mama yake."

Pindo akaichukua simu juu ya kifuniko.

"Unaona nilivyofanya?" bibi akasema. "Nilizika sauti ya mwanangu kwa hasira. Nilipoelezwa, nilitaka kulifukua lile kaburi kwa kucha. Na kumbe ninyi mnayo. Kumbe Mungu alipitia kwenye wizi. Niambie, mwanangu. Sauti zile zipo?"

Siku Pindo alipopewa simu, ilimwambia nafasi imejaa. Ilikuwa na picha nyingi za mtu asiyemjua, na sauti nyingi. Pindo hakufungua hata moja. Alikuwa na magauni sita ya kupiga picha na mteja amesimama. Aliteua yote, akabonyeza futa, simu ikamuuliza kama ana hakika, akasema ndiyo. Ikamuuliza tena, akasema ndiyo tena. "Watu wanaouza mitumba hata vitu vyao hawajui kufuta," alimwambia mteja, na wote wawili wakacheka.

Randa alikuwa anamtazama kutoka sakafuni, macho mekundu, anasubiri mkewe aseme kweli kama alivyoisema yeye.

"Zipo, mama," Pindo alisema.

"Zipo?"

"Zote."

"Mungu akupe kila unachokitaka!" Sauti ya bibi ilirudi nyuma miaka ishirini. "Basi msihangaike kuja. Karakana naijua, si nilikuja kuchagua mbao? Mimi niko hapa shuleni, nimekuja kumwandikisha mjukuu. Ni kuvuka barabara tu. Tunakuja sasa hivi."

Ikakatika.

"Zipo kweli?" Randa aliuliza.

Pindo alikuwa ameshaanza kufungua kila pahali, picha, sauti, vilivyofutwa, kikapu cha takataka, kurudi, kufungua tena. Gauni la kijani. Gauni la zambarau. Mikono ya puto. Kola. Pindo la gauni. Pindo la sketi. Hakuna kitu.

"Pindo, zipo?"

"Mwite Ofa," alisema, hajui anachokisema. "Mwambie fundi wake... mwambie kama kuna namna..."

Kivuli kikaanguka kwenye vumbi la mbao.

Mlangoni alisimama mtoto wa kike wa miaka sita, amevaa sare mpya ambayo bado ina mikunjo ya dukani, sketi imempita magoti. Alikuwa amemwacha bibi yake nyuma kwa kukimbia. Alimtazama Randa sakafuni, akautazama ule ubao mweupe mrefu, kisha macho yakaishia mikononi mwa Pindo.

"Shikamooni," alisema, huku anahema. "Nimekuja kumsikiliza mama."